Moutoussamy alifuata kwao mama. Na mtoto wangu je?

Mama Cherehani, Lubumbashi, Alhamisi 18 Desemba 2025

Jambo yenu wote. Mimi ni mama mshonaji, cherehani yangu iko sokoni Kenya, ile Kenya yetu ya Lubumbashi. Huu ni mwaka wa 14. Kwa kawaida mwezi kama huu nashona nguo za Noeli na vitambaa vya harusi, lakini safari hii nashona majina. Tangu usiku wa tarehe 16 Novemba, nahodha wetu Mbemba alipofunga penalti ya mwisho kule Rabat katika mchujo wa Kombe la Dunia na Nigeria wakarudi kwao, watu wananiletea jezi za Chui, timu yetu ya taifa, zilizo tupu mgongoni. Nakata herufi, nazishona. Herufi moja faranga 500.

Jumatatu alikuja papa mmoja na mtoto wa miaka kama 10. Mtoto ameshika kikaratasi alichoandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: MOUTOUSSAMY, yule kiungo wa Chui. Herufi 11. Baba akakichukua, akakisoma, akakikunja. "Weka Mbemba, mama. Huyu ni Muhindi wa huko Ufaransa, mama yake tu ndiye wa kwetu." Mtoto hakusema neno. Nikashona Mbemba, herufi sita, kwa kuwa mwenye kulipa ndiye mwenye kusema.

Lakini ile "mama yake tu" imenikaa kooni mpaka leo. Nina mtoto ambaye katika Kongo hii mama yake tu ndiye wa kwetu.

Baba yake ni mtu wa Kitwe, Zambia. Dereva wa malori. Tulijuana Kasumbalesa mwaka 2006, nikiuza chai na mikate kwenye foleni ya mpaka, na lori lake lilikuwa limesimama pale siku tisa. Mtoto alizaliwa hapa Aprili 2008, akakulia Katuba, akasoma hapa. Baba hakumtupa, niseme ukweli. Ada alituma, na kila akipita kuchukua mzigo wa shaba husimama nyumbani, hata kama ni kwa saa moja. Ila jina la ukoo alilompa ni lake, na ukilisikia tu unajua limetoka ng'ambo.

Mtoto anacheza kiungo, yule wa kunyang'anya mpira na kuutoa haraka, mguso mmoja au miwili. Wenzake wamebandika ukutani picha za wafungaji. Wangu amebandika Moutoussamy, mtu ambaye kazi yake huioni mpaka siku asipokuwepo. Kwa hiyo nami nimelazimika kumjua. Alizaliwa Paris mwaka 1996. Mama Mkongomani, baba mtu wa Guadeloupe, kile kisiwa cha Wafaransa huko Karibi. Akalelewa kimpira Lyon, akaenda Nantes, akaanza kuvaa jezi yetu 2019, na mpaka leo anaitikia kila akiitwa. Mwaka 2024 kule Kodivaa tulipofika nusu fainali ya Kombe la Afrika, mtoto wangu alikuwa na miaka 15. Alikuwa akihesabu mipira anayoinyakua Moutoussamy, anachora vijistari kwenye mlango wa kabati. Vile vistari sijavifuta.

Sasa shida yangu. Mwezi wa tano nilienda ofisi moja kutafuta karatasi za uraia wake. Bwana wa mezani akasoma jina, akanirudishia bahasha bila hata kuifungua: "Mupeleke kwao." Nikamwambia kwao ni hapa, mimi ndiye mama. Akasema mama hatoshi. Nikatoka. Nililia barabarani, mbele ya watu, na sikuona aibu.

Wiki hii nikasikia redioni Nigeria wamepeleka malalamiko FIFA. Wanasema sheria ya Kongo hairuhusu uraia wa nchi mbili, na wachezaji wetu wengine wana pasipoti za Ulaya, kwa hiyo hawakustahili kucheza. Sokoni kila mtu amegeuka mwanasheria.

Na nyumbani kuna jambo lingine. Mtu wa timu za vijana upande wa Zambia alimwona mtoto kwenye mashindano ya mpakani, akampigia baba yake. Wanataka aende Kitwe mwezi wa kwanza akajaribiwe. Baba amemletea jezi ya Chipolopolo, timu ya taifa ya Zambia, ile ya kijani. Mtoto ameitundika msumari mmoja na ile ya Kongo niliyomshonea zile herufi 11. Asubuhi naamka nazikuta hapo zote mbili. Yeye hasemi kitu.

Mimi ni Mulamba, kwetu ni upande wa Kipushi. Bibi yangu alinilea akisema mtoto ni wa tumbo lililomzaa, na mjomba ndiye wa kumwita mezani. Kwangu mimi Moutoussamy hakuchagua nchi ya pili alipokuja kwetu. Alikuja nyumbani. Lakini sheria inasemaje? Mama anatosha au hatoshi? Na akienda kule kujaribiwa, je, mlango wa huku ndio umefungwa? Wanaojua, mnisaidie kwa maneno ya kueleweka, niliishia darasa la sita.

---

Msomi wa Golf, Lubumbashi, Alhamisi 18 Desemba, usiku

Jambo mama. Mimi ni wakili, bado kijana kazini, ila mambo ya uraia nayafanya kila wiki. Nianze na lile lililokutoa machozi: mama anatosha. Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004, kifungu cha 7, inasema ni Mkongomani tangu kuzaliwa mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, baba au mama, ni Mkongomani. Neno ni "au". Yule bwana alikosea, na ukirudi rudi na kifungu hicho mkononi. Jina la mtoto si ushahidi wa uraia, kama vile jina la Moutoussamy lisivyo ushahidi wa chochote.

Ugumu uko kwingine. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine wowote. Hapo ndipo Nigeria wameshika. Zambia wao walibadilisha katiba yao 2016, na mtu wao anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili bila kosa. Kwa hiyo mtoto wako, kwa macho ya Lusaka, anaweza kuwa wa kote kuwili. Kwa macho ya Kinshasa, siku atakayoomba pasipoti ya Zambia akiwa mtu mzima, atakuwa amejiingiza kwenye mabishano. Sikutishi, nataka ujue mapema.

FIFA wana vipimo vyao. Kwanza, uraia: una pasipoti ya nchi hiyo au huna. Pili, kamba inayokufunga na nchi hiyo: umezaliwa pale, au mama au baba mzazi alizaliwa pale, au bibi au babu, au umeishi pale miaka ya kutosha. Moutoussamy anaingia kwa mama. Wako kwa Kongo anaingia kwa mama na kwa kuzaliwa, na kwa Zambia kwa baba.

Kuhusu mlango kufungwa: majaribio hayafungi kitu. Mazoezi hayafungi kitu. Mechi ya kirafiki haifungi kitu. Hata akicheza mechi ya mashindano ya vijana kwa Zambia, anaweza kuomba kubadilisha mara moja, mradi siku ile alipocheza tayari alikuwa na uraia wa nchi anayotaka kuhamia; asipokuwa nao, njia iliyobaki ni nyembamba, ya aliyekuwa hajafikisha miaka 21. Shika hilo, mama, ndilo kubwa kuliko yote. Wengine hunaswa hapo: anachezea upande mmoja bila karatasi za upande wa pili, baadaye akitaka kugeuka anaulizwa, siku ile ulikuwa raia wa wapi? Timu ya wakubwa ni habari nyingine. Tangu 2020 wamelegeza kidogo: aliyecheza mechi zisizozidi tatu, hata za kirafiki zikihesabiwa, kabla ya kufikisha miaka 21, na hakucheza fainali za bara wala Kombe la Dunia, anaweza kuhama baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo karatasi za Kongo zikamilike kabla hajapanda gari la Kitwe. Cheti cha uraia kinatoka Wizara ya Sheria. Watakuomba cheti chake cha kuzaliwa, na kitu cha kuonyesha kwamba wewe ni Mkongomani. Unavyo?

---

Mwalimu Mstaafu, Lubumbashi, Ijumaa 19 Desemba

Nimefundisha historia miaka 31, na ni shabiki wa Lupopo, timu ya mpira ya watu wa reli, tangu tumboni, baba yangu alikuwa wa reli. Mwanangu mshonaji, nimesoma barua yako mara mbili. Wakili ameeleza sheria, mimi nataka kusema juu ya lile jina, maana yule papa aliyekunja kikaratasi hakujua alichokunja.

Guadeloupe utumwa ulifutwa mwaka 1848. Wenye mashamba ya miwa wakabaki bila mikono. Kuanzia 1854 meli zikaanza kuwaletea watu kutoka India, wengi Watamili wa kusini, kwa mikataba ya kazi ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Moutoussamy ni jina la Kitamili lililoandikwa na karani wa Kifaransa kama alivyolisikia. Ndiyo maana lina herufi 11. Na miaka ileile ya 1850, meli nyingine zilifika mdomoni mwa mto Kongo, zikachukua watu wa kwetu, zikawashusha Guadeloupe na Martinique kukata miwa ileile. Waliambiwa ni kazi ya hiari. Kisiwa cha baba yake huyu kijana kilikuwa kimekwisha kula jasho la Wakongo miaka mingi kabla ya mama yake kukutana na baba yake. Niliposoma orodha ya kikosi mara ya kwanza na kuliona jina hilo, nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nikifundisha mambo hayo kwa chaki, na sasa yako uwanjani yamevaa jezi ya Kongo.

Tena Guadeloupe si mwanachama wa FIFA. Wako kwenye shirikisho la kanda yao, na mwaka 2007 walifika nusu fainali ya Kombe la Dhahabu, wakafungwa na Mexico 1-0. Lakini Kombe la Dunia hawawezi kulitafuta. Kwa hiyo mbele yake palikuwa na Ufaransa, alikozaliwa, na Kongo.

Sasa hilo neno "tu". Kuna José Bosingwa, alizaliwa Mbandaka 1982, mama Mkongomani, baba Mreno. Alichezea Ureno, akawa kwenye Euro 2008, akachukua Ligi ya Mabingwa na Chelsea mwaka 2012. Sijapata kumsikia Mreno akisema "baba yake tu ndiye wa kwetu." Kwa nini sisi tunalisema kwa mama? Mimi ni Muluba, kwetu mtoto ni wa baba, na nimekua nikisikia Walamba na Wabemba wakichekwa kwa desturi yao. Leo nawaambia vijana: katika jambo hili Walamba wametuzidi. Moutoussamy ni mpwa wetu. Mpwa akija kwa wajomba zake hapewi kiti cha mlangoni.

Na mji huu wenyewe, tangu 1910, nani alikuja na "kwao" kumoja? Kampuni ya migodi ya Union Minière katika miaka yake ya kwanza ilichukua wachimbaji wengi kutoka upande ule wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Nusu ya maneno tunayosema Katuba yana Kibemba ndani. Baba wa mtoto wako si mgeni kiasi hicho.

---

Dada wa Nguba, Bukavu, Ijumaa 19 Desemba

Sina mengi, mnajua hali ya huku mashariki, vita. Nataka tu kumjibu yule papa wa kikaratasi.

Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali na Kodivaa, Abidjan. Tulikuwa zaidi ya 20 kwenye chumba cha jirani, televisheni moja, jenereta imeazimwa. Wimbo wa taifa ukapigwa. Wachezaji wakafunika mdomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili vidole viwili kwenye kichwa, kama bunduki. Kikosi kizima. Waliozaliwa Kinshasa, waliozaliwa Paris, Lille, Ubelgiji, Uswisi, wote. Chumba kizima kikanyamaza. Mdogo wangu wa miaka 8 akauliza, "Hawa wa Bulaya wanatujua?" Mama yangu akamjibu, "Wanatujua." Akatoka nje, akakaa huko mpaka mpira ulipoanza.

Tulifungwa 1-0, bao la Haller. Mimi bao hilo nimelisahau. Ile mikono sijaisahau.

Mtu aliyenifanyia vile mbele ya dunia, sitamuuliza baba yake ni nani. Mama Cherehani, ukipata yule mtoto wa miaka 10, mshonee.

---

Kocha wa Ruashi, Lubumbashi, Jumamosi 20 Desemba

Mama, nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 hapa Ruashi, uwanja wa vumbi, mipira minne. Wenzangu wamesema maneno mazuri. Mimi nitakuambia mawili yasiyo matamu.

La kwanza. Moutoussamy unayemsifu, mtazame vizuri kama mtu wa kazi. Lyon walimlea lakini hakupata nafasi kwa wakubwa, akaondoka. Nantes akaanza 2017. Kuna kipindi walimkopesha Uholanzi, Fortuna Sittard. Akarudi, akapigania namba tena, akawa ndani ya kikosi kilichochukua Kombe la Ufaransa 2022, wakiwafunga Nice 1-0 pale Stade de France. Mwaka uliofuata wakafika fainali tena, Toulouse wakawapiga 5-1. Baada ya Nantes akaenda Uturuki, Sivasspor, wakashuka daraja. Sasa yuko Ugiriki, Atromitos. Hiyo si njia ya nyota wa mabango. Ni ya kiungo anayeamka kila asubuhi na kwenda kuomba namba yake upya. Vijana wangu wakisema "Moutoussamy alikuja Kongo kwa kuwa Ufaransa hawakumtaka," huwa nawasimamisha mazoezi. Wapo wangapi ambao Ufaransa hawakuwataka na Kongo pia hawakuja? Huyu amekuja tangu 2019, kabla ya Kodivaa, kabla ya kocha Desabre, wakati kuitwa Chui hakukuwa na sifa hii ya leo. Mwanao anaona hayo kuliko sisi, kwa kuwa anahesabu mipira.

Kwa hiyo asiende Kitwe akidhani kuna zulia. Tena ana miaka 17. Kanuni ya FIFA haimruhusu kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Baba yake kuwa huko kunaweza kuleta maswali na majibu, lakini wewe usisaini karatasi yoyote, na yeye asisaini. Ajaribiwe, arudi. Aprili si mbali.

La pili ni gumu zaidi, na unisamehe kama nakukosea heshima. Unampenda Moutoussamy kwa sababu alifuata kwao mama. Lakini yeye alizaliwa na kukulia Ufaransa, akaiacha nchi iliyomlea akaenda kwa damu ya mzazi mmoja. Mwanao amezaliwa na kukulia Lubumbashi. Akifanya kama Moutoussamy alivyofanya hasa, atakwenda wapi? Atakwenda Zambia. Siku hiyo nawe utasema "baba yake tu"?

Sikuulizi ili nikushinde. Nina vijana wawili uwanjani wenye hali hiyohiyo, na mama zao nawaona wakikaa pembeni, hawaniulizi swali hili mimi.

---

Mwalimu Mstaafu, Ijumaa tayari nilisema mengi, leo Jumamosi naongeza kidogo

Kocha ameuliza swali la haki. Kumbukeni nyumba ya kina Mandanda. Steve, aliyezaliwa Kinshasa, alichezea Ufaransa na ana medali ya Kombe la Dunia 2018. Parfait, ndugu yake, kipa vilevile, alichezea Kongo. Tumbo moja. Sijui mama yao alishona jezi gani.

---

Mama Cherehani, Jumatano 24 Desemba

Nimechelewa kujibu. Kazi ya Noeli, halafu umeme. Asanti kwa kila mmoja.

Kocha, swali lako nililisoma Jumamosi nikafunga simu. Nilikasirika, nisikufiche. Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Kwa sababu ni kweli. Miezi yote hii nilikuwa nikimtumia Moutoussamy kumwambia mtoto wangu abaki kwangu, na Moutoussamy hakubaki. Aliondoka kwenda mahali ambapo nusu yake nyingine ilikuwa inamngoja.

Jana tulitazama mechi ya Chui na Benin, Kombe la Afrika, kwa jirani. Bongonda wetu alipofunga, mtaa mzima ukatoka nje, masufuria, mafilimbi, na mtoto wangu katikati, amevaa ile ya herufi 11. Tulirudi nyumbani usiku, nikampashia bukari na lenga-lenga. Nikamuuliza moja kwa moja, kitu ambacho sijawahi kufanya: unataka wapi? Akakaa muda mrefu. Akasema, "Mama, hawa wa Kitwe wameniita. Huku hajaniita mtu."

Nilitegemea maneno ya damu na ya nchi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo, nina majibu ya bibi yangu yote. Kwa hilo sikuwa na jibu. Ni kweli hajamwita mtu. Aliyemwita huku ni yule bwana wa ofisi, aliyesema apelekwe kwao.

Nikamwambia nenda ukajaribiwe. Baba yake atapita tarehe 4 mwezi wa kwanza na lori tupu. Nimempigia mwenyewe, na nimemwambia yale ya Kocha: hakuna kusaini. Amekubali. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza katika miaka yote hii: kama mtoto akipata timu ya kule, mimi nitakuja uwanjani? Nikasema nitakuja. Mwaka 2012 Zambia walipochukua kombe la Afrika kule Libreville, yule mtu alilia kwenye simu na mimi nilimcheka. Sikupaswa kumcheka.

Lakini karatasi za Kongo lazima zitangulie. Hilo sitalilegeza. Akienda, aende akiwa mtoto wa hapa kwa maandishi, asije akaambiwa kesho kwamba mlango haukuwepo. Msomi, uliniuliza kama ninavyo. Cheti chake cha kuzaliwa ninacho, kiliandikishwa ndani ya siku zinazotakiwa, Mungu alinisaidia. Cha kwangu hakipo. Nilizaliwa kijijini, hakuna aliyeandika. Jumatatu nilikwenda Kipushi kwa mjomba wangu, akafungua sanduku la marehemu mama. Tumepata kadi yake ya ubatizo ya 1959, imeandikwa kwa wino, jina la kijiji liko, na majina ya wazazi wake wote wawili. Pia kadi yangu ya uchaguzi. Hiyo inatosha kuanza?

Dada wa Bukavu, yule mtoto wa miaka 10 hajarudi. Kikaratasi chake kilibaki mezani kwangu. Herufi nimekwisha kuzikata, ziko kwenye kopo la vifungo.

---

Msomi wa Golf, Jumatano 24 Desemba, jioni

Inatosha kuanza, mama. Kwa cheti chako cha kuzaliwa kilichokosekana tutaomba hukumu ya mahakama ya kuchukua nafasi yake. Kwa hilo tunahitaji mashahidi wawili wanaokujua tangu utoto, na mjomba wako awe mmojawapo. Kadi ya ubatizo usiiache mezani pa mtu yeyote. Toa nakala tatu, ya asili irudi sandukuni. Jumatatu tarehe 29, saa mbili asubuhi, nitakusubiri mbele ya mahakama. Malipo ya kazi yangu usiyafikirie. Nina jezi moja haina jina mgongoni, nitakuja nayo.